Kabla Hujasifu Picha za Wodi ya Watoto

Mgeni rasmi akishaisifu picha ya ukutani, mimi huanza kuishuku. Juzi tumeonyeshwa wodi ya watoto iliyopakwa upya: panya wa katuni mwenye glavu nyeupe na masikio yasiyolingana, simba anayecheka meno yote nje, na jina la mfadhili kubwa kuliko tembo. Makofi yakapigwa. Hakuna aliyeuliza mgonjwa atazionaje.

Asiyeijua kazi hii husimama mlangoni akahukumu ukuta unaomkabili. Lakini mtoto mchanga haingii wodini hivyo. Huingia begani kwa mama, kidevu kimelala begani, akitazama alikotoka. Ukuta wake basi ni ule wa mlango, hasa kile kipande cha juu ya fremu ambacho mafundi huachia saa na waya za umeme. Aliyelazwa chali anaishi na dari: feni, taa ya tyubu, doa la mvua ya mwaka juzi. Anayechomwa sindano amepakatwa, uso umegeuzwa pembeni. Twiga aliye nyuma ya nesi hamsaidii kitu, maana huko huko ndiko iliko trei. Ukiingia wodi mpya, geuka nyuma. Ukikuta patupu juu ya mlango, usipige makofi.

Mzee mmoja aliyenifundisha kutazama kazi hizi hakufungua kopo kabla hajalala chali kwenye kila kitanda, viatu kavivulia mlangoni, huku manesi wakimcheka. Akiinuka anapiga alama ya chaki darini. Katika chumba cha kufunga vidonda alichora msururu wa sisimizi wanaoanzia juu ya mlango, wanakata kona, wanaingia darini. Mmoja kabeba punje ya muhindi, mwingine kandambili. Mtoto akitaka kujua wanakwenda wapi, ilimbidi ageuze shingo upande usio na mkasi. Hiyo ndiyo kazi. Wala haikuwa na jina la mfadhili.

Matapeli nao wana mtindo wao. Nimemjua mmoja aliyetoza kwa idadi ya wanyama, ndiyo maana kuta zake zilifanana na mnada wa ng'ombe. Alipaka rangi ya maji bila praima, akalipwa, akaondoka. Msafishaji alipoanza kupitisha jiki kama inavyompasa, swala walipoteza miguu, wakabaki viwiliwili vinavyoelea juu ya nyasi. Kwa hiyo kabla hujalipa, chukua kitambaa chenye jiki, sugua pembeni. Lakini usikimbilie rangi ya mafuta inayong'aa kama kioo: kutoka kitandani, twiga anamezwa na mwanga wa tyubu. Na njano ikiwa kali kupita kiasi, omba kuliona kopo. Risasi imetumika sana kwenye rangi za njano na machungwa, nao watoto hubandua magamba na kuyatia mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Klauni wa sarakasi, kamwe. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, walitoa matokeo baada ya kuuliza watoto zaidi ya 250, wa miaka 4 hadi 16, kuhusu mapambo ya hospitali. Klauni hawakupendwa, hata na wale wakubwa. Mzee wangu angewaambia bure.

Mengine ni haya. Mnyama atembee, asimkodolee mtoto macho. Meno yasionekane. Mamba hafai, hata akitabasamu. Chui hafai. Twiga anafaa, ila mmoja. Zambarau isikaribie wodi. Sitoi sababu, mwenye jicho ataona, na asiye nalo hata nikimwandikia kitabu hataona.

Zamani tulikuwa na mahali pa kujifunzia. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki 1972, alichora Dar es Salaam kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi, mara nyingi mnyama mmoja tu, usuli mtupu, doa moja moja likiwekwa kwa subira. Mtoto mwenye homa anaweza kukaa na mnyama huyo mchana kutwa bila kuchoka. Kisha soko la watalii likanoga, picha zikajazwa ndege, samaki, milima na vijiji vizima hadi jicho halina pa kupumzikia, na ujazo huo ndio sasa unahamishiwa kwenye kuta za wodi na kuitwa mtindo wa Tingatinga. Mpelekeeni fundi wenu picha moja ya zamani aitazame kabla hajanunua brashi. Najua, Tingatinga alichora chui pia. Chui wa Tingatinga ni ruhusa.