Mtumwa Ni Nani? Uhakiki wa Tafsiri ya Kijitabu cha Maabara

Wanafunzi wetu wa tafsiri wamekamilisha mswada wa kijitabu kinachoeleza jinsi chipu zinavyopelekeana data katika miradi ya maikrokontrola. Tunawapongeza kwa dhati, kwani kazi ya aina hii haijazoeleka hapa Uganda. Hata hivyo, pongezi bila uhakiki hazimjengi mfasiri.

Tuanze na mazuri. Katika mfumo wa I2C, uliobuniwa na kampuni ya Philips mwaka 1982, chipu nyingi hutumia kwa pamoja nyaya mbili tu: mmoja wa data, mwingine wa mapigo. Chipu inayoongoza hutaja anwani, kwa kawaida ya biti 7. Chipu yenye anwani hiyo hujibu kwa kuushusha waya wa data katika pigo la 9. Wafasiri wameliita jibu hilo "itikio". Wamelenga shabaha: anayebisha hodi huitikiwa, na asipoitikiwa hujua kwamba hakuna mtu.

Tatizo liko katika "bwana" na "mtumwa", istilahi zilizohamishwa neno kwa neno kutoka vitabu vya zamani vya Kiingereza. Kwanza, "mtumwa" limetokana na kitenzi "tuma", ambacho ndicho kinachobeba kijitabu kizima. Tunasoma kwamba mtumwa hutuma data iliyotumwa na bwana. Nani katuma, na kipi kimetumwa? Mwanafunzi atachanganyikiwa kabla hajashika waya. Pili, katika Afrika Mashariki, ambako soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, neno hilo si tamathali tupu. Isitoshe, kampuni ya NXP, iliyorithi kazi hiyo ya Philips, iliziondoa istilahi hizo katika mwongozo wake wa I2C mwaka 2021. Mswada wetu basi unafasiri kilichokwisha kuachwa.

Tunapendekeza "kidhibiti" na "kilengwa". Wanafunzi wetu wanaifahamu "lugha lengwa", na maneno yote mawili yanaingia katika ngeli ya KI-VI bila taabu: kidhibiti kinaita, kilengwa kinaitikia. Wapo watakaosema kwamba "kidhibiti" ni maikrokontrola yenyewe. Hoja hiyo ina uzito. Ndiyo maana tunashauri "maikrokontrola" libaki jina la chipu, na "kidhibiti" liwe jina la kazi yake.

Mswada urekebishwe kabla ya kuchapwa. Msomaji mwenye istilahi bora zaidi na atuandikie.