Ernst Jünger na Vitabu Vyake vya Vita

Kitabu kilichopigwa chapa mara nyingi, na kila mara kwa sura nyingine, humtia mhakiki mashakani, kwa kuwa hana budi kwanza aseme ni kipi hasa anachokihukumu. Ndivyo kilivyo In Stahlgewittern, yaani "Katika Dhoruba za Chuma", cha Mjerumani Ernst Jünger, aliyezaliwa Heidelberg mwaka 1895 na kufa mwaka 1998. Kilitoka mara ya kwanza mwaka 1920, kikijitangaza kuwa kimetokana na daftari za kila siku za kiongozi wa kikosi cha mashambulizi. Tangu hapo hadi mwaka 1978 mwenyewe hakuacha kukirekebisha. Wanaokisifu na wanaokilaumu aghalabu hawakusoma maneno yale yale.

Maisha yake ya kijeshi yaweza kuelezwa kwa ufupi. Mwaka 1914 alijiandikisha kwa hiari katika rejimenti ya 73 ya Hanover, akafika Champagne, Ufaransa, mwisho wa mwaka huo akiwa askari wa kawaida. Novemba 1915 akawa luteni wa akiba. Alipigana Somme, alipigana Flanders, na akawamo katika shambulio kuu la Machi 1918; na Septemba ya mwaka huo akapewa nishani ya Pour le Mérite, ambayo wachache sana wa cheo chake waliipata katika jeshi la nchi kavu. Baada ya vita alibaki jeshini mpaka mwaka 1923.

Fadhila kubwa ya kitabu ni jicho la mwandishi. Jünger alikuwa mkusanyaji wa mbawakawa, hata karibu na mahandaki aliandika orodha ya wadudu aliowaona, na jicho lile lile analielekeza kwenye matope, maiti na sauti za makombora. Akiwa hospitalini anajihesabia majeraha: amepigwa mara 14, ana makovu 20. Hesabu hiyo haina majigambo wala malalamiko. Lakini ukavu huo una gharama yake. Vita vinamjia msomaji kama mvua au tetemeko la ardhi, jambo lisilo na mtendaji. Nani aliviwasha, na kwa faida ya nani, halisemwi. Wapo wanaouita ukimya huo uaminifu wa shahidi. Kwa haki zaidi ungeitwa upungufu, maana ofisa mwenye kutoa amri si shahidi tu.

Katika marekebisho ndipo penye kiini cha jambo. Toleo la 1924 lilimalizika kwa kilio cha kizalendo kuhusu uhai wa Ujerumani. Mwaka 1934, wakati ambapo kilio cha namna hiyo kilikuwa na soko kubwa kuliko wakati wowote, Jünger alikifuta. Katika matoleo ya baadaye pia, anaposimama mbele ya maiti ya kijana Mwingereza aliyemwua yeye mwenyewe, mmeingia tafakari kwamba dola yaweza kumwondolea askari lawama, lakini haiwezi kumwondolea majonzi. Maneno hayo ni mazito na mazuri. Ila hayakuwa ya luteni wa mwaka 1918. Ni ya mtu aliyekwisha kukaa na maiti ile miaka mingi, naye ameyatia mdomoni mwa kijana bila kumwarifu msomaji.

Wachunguzi wa tenzi wamezoea kulinganisha miswada na kutafuta ni mnakili gani aliyeongeza beti au kuzipunguza. Hapa mnakili na mtunzi ni mtu mmoja, na kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu kila badiliko lina idhini ya mwenyewe. Tafsiri nazo zimezidisha utata: ile ya Kiingereza ya Basil Creighton, ya mwaka 1929, ilifuata toleo la kizalendo, na ile ya Michael Hofmann, ya mwaka 2003, ilifuata matini iliyokwisha kusafishwa. Msomaji wa Kiingereza basi ana maofisa wawili wenye jina moja. Dawa imepatikana kwa kuchelewa: Helmuth Kiesel alihariri daftari zenyewe za vitani mwaka 2010, na mwaka 2013 akatoa matoleo yote yaliyolinganishwa.

Mwaka 1939 Jünger aliitwa tena, sasa akiwa kapteni. Aliongoza kombania Ufaransa mwaka 1940, kisha, isipokuwa miezi michache ya safari ya Kaukazi, alikaa Paris katika makao makuu ya jeshi. Mwaka 1941 aliamriwa kusimamia kuuawa kwa askari mtoro, naye akiri kwamba udadisi ulimshinda. Hapo ni mkweli. Lakini maandishi yake mashuhuri ya Mei 1944, ambamo anatazama ndege zikishambulia huku ameshika bilauri ya mvinyo juu ya paa la hoteli, yametiliwa shaka: imedaiwa kwamba jioni ile hapakuwa na shambulio kama hilo.

Kwa maelezo yake mwenyewe, wakaguzi walipomtaka aondoe mtajo wa Zaburi ya 73 katika daftari zake za 1939 na 1940, alikataa, na kitabu kikanyimwa karatasi. Mtu aliyejifutia maneno mengi kwa hiari yake hakukubali kufutiwa moja kwa amri.

Mwaka 1944 aliondolewa jeshini. Novemba ya mwaka huo mwanawe, aliyepata kufungwa kwa kusema dhidi ya Hitler, aliuawa karibu na Carrara, Italia, na habari ikamfikia baba Januari 1945. Katika ukurasa wa siku ile hamna mbawakawa, wala mvinyo, wala fumbo: mtoto amekufa, na tarehe ya kufa kwake.