Kipimo cha Fundi: Kabureta katika Baridi ya Mpitimbi

Kabureta, yaani chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla havijaingia katika silinda za injini, haina kumbukumbu wala uwezo wa kujirekebisha, hivyo busara yote inayohitajika majira yanapobadilika hutoka kwa fundi. Injini ikishapata moto, kila kilo 1 ya petroli huungua vizuri kwa takriban kilo 15 za hewa; lakini chuma kikiwa bado baridi, sehemu kubwa ya petroli haigeuki mvuke, bali hubaki matone yanayoshika kuta za mabomba, na injini hukosa cha kuunguza ingawa mafuta yamekwisha kumiminwa. Ndiyo sababu magari ya zamani yaliwekewa choki, yaani kilango kinachobana hewa ili petroli izidi kwa muda, na binadamu akaachiwa uamuzi wa kukifunga na kukifungua.

Huko Mpitimbi, kusini mwa mji wa Songea, uamuzi huo una ugumu wake. Baridi ya Juni na Julai si ya theluji, lakini alfajiri zake hutosha kuifanya Land Rover ya petroli, ya toleo la pili lililoanza mwaka 1958 au la tatu lililoanza mwaka 1971, igome kuwaka. Wakati huohuo, katika nyanda hizi zilizo takriban mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya pwani, ilhali petroli inayovutwa na kabureta haipungui kwa kiasi hichohicho, hivyo mchanganyiko uliopimwa kwa ajili ya Dar es Salaam huwa tayari umezidi mafuta. Baridi inadai petroli iongezwe na mwinuko unadai ipunguzwe; ustadi wa fundi wa huko ni kuyasuluhisha madai hayo mawili.

Ustadi huo huonekana zaidi katika yale ambayo fundi hujizuia kuyafanya. Asiyejua huvuta choki na kupiga stata bila kukoma mpaka plagi, zile zinazotoa cheche, zinalowa na betri inaisha. Fundi huifungua plagi kwanza na kuitazama, kwa kuwa plagi kavu huashiria kwamba mafuta hayafiki, na iliyolowa huashiria kwamba yamezidi, hata kama gari linagoma kwa namna ileile. Jeti, yaani kitundu kinachopima petroli, haichokonoi kwa waya bali huipuliza kwa hewa, kwani kitundu kikipanuka hata kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, gari litakunywa mafuta kupita kiasi siku zote. Mfuniko wa kabureta ya Zenith, iliyofungwa katika Land Rover nyingi za petroli, ukipinda, fundi hulaza msasa juu ya kioo na kuusugua mfuniko huo juu yake polepole mpaka uso wake unyooke, badala ya kuuficha mwanya kwa gundi.

Mtihani mgumu kuliko yote ni barafu. Petroli inapogeuka mvuke hunyang'anya joto la hewa iliyo ndani ya koo la kabureta, na joto hilo laweza kushuka kwa nyuzi 20 au zaidi, kiasi kwamba unyevu wa asubuhi ya ukungu huganda kandokando ya kilango kinachotii pedeli ya mafuta. Gari huwaka vizuri, hutembea kidogo, kisha hukosa nguvu na kuzimika. Likisimama dakika chache, joto la injini hupanda, barafu huyeyuka, na yeyote atakayefungua kabureta hatakuta kitu. Kwa kuwa ugonjwa huu hauachi ushahidi ila mwenendo wake, fundi humhoji dereva: lilizimika baada ya mwendo gani, kulikuwa na ukungu, lilipopumzishwa liliwaka? Majibu yakiafikiana, hakazi wala halegezi skrubu yoyote, bali hukagua mahali ambapo bomba la moshi hulipasha joto bomba la kuingizia mchanganyiko.

Magari ya sasa yamekabidhi upimaji huu kwa kompyuta na vihisio vyake, na dereva hupumzika. Anayeendelea kuitunza kabureta hana kihisio ila jicho, sikio na maswali, na malipo yake mara nyingi huhesabiwa kwa vipuri alivyobadilisha. Haki ingekuwa kumlipa pia kwa vile alivyovikuta vizima akaviacha.