Lebo Moja Isipewe Kazi Mbili

Kila makundi ya bidhaa yanapozungumzwa, watu hunirudisha kwenye duka la mtandaoni la Amazon, na mimi hurudi Aprili 2009. Sikukuu ya Pasaka, vitabu 57,310 vikapoteza namba ya nafasi ya mauzo, na bila namba hiyo vikatoweka kwenye orodha za vinavyouzwa sana na kwenye baadhi ya matokeo ya utafutaji. Kampuni ikasema ni kosa la kuorodhesha. Sikubali. Kosa la kuorodhesha ni kitabu cha mapishi kukutwa kwenye kundi la kilimo. Hapa kilichokosewa ni muundo, na kilikosewa zamani, siku walipoamua kwamba lebo inayoeleza bidhaa ndiyo hiyohiyo itakayoificha.

Tazameni mfuatano wake. Sera ilikuwa kwamba bidhaa ya watu wazima isijitokeze katika baadhi ya utafutaji wala katika orodha za bidhaa zinazouzwa sana. Sera hiyo mimi sina ugomvi nayo, kila duka lina haki ya kupanga dirisha lake. Lakini orodha hizo zilitengenezwa kwa nafasi ya mauzo, kwa hiyo njia waliyoichagua ya kuificha bidhaa ilikuwa kuinyang'anya namba. Sasa lebo ya "watu wazima" ikawa inajibu maswali matatu kwa pamoja: kitabu kinahusu nini, kinamfaa msomaji wa umri gani, na kionekane wapi. La kwanza ni la mkutubi, la pili ni la mzazi, la tatu ni la meneja wa duka. Ukiyafunga katika safu moja ya hifadhidata, mkono ukiteleza kwenye swali moja, mengine mawili yanajibiwa kimakosa papo hapo.

Ndivyo ilivyokuwa. Makundi mapana yakasombwa na lebo hiyo: afya ya mwili na akili, tiba ya uzazi, vitabu vya mashoga na wasagaji, hadithi za ashiki. Mwongozo wa daktari kuhusu uzazi ukatendewa sawa na kitabu cha ponografia. Giovanni's Room, riwaya ya James Baldwin ya mwaka 1956 inayofundishwa vyuoni, ikapoteza namba. Kurasa za vitabu zilibaki, bei zikabaki, picha za jalada zikabaki. Pengo lilikuwa mstari mmoja tu wa tarakimu chini ya ukurasa. Kwa sababu hiyo walioligundua ni waandishi, watu wanaotazama namba zao kila siku. Katalogi ambayo hitilafu yake inagunduliwa kwanza na mwenye kitabu haina mlinzi ndani.

Na kiasi chenyewe kinatisha. Badiliko moja linalogusa maelfu ya bidhaa kwa mpigo lilipaswa kugonga ukuta mahali fulani: idhini ya mtu wa pili, jaribio kwenye tawi dogo, au angalau onyo kwamba vitabu zaidi ya elfu hamsini viko karibu kufichwa. Ukuta haukuwepo, au ulikuwepo na haukuzuia kitu.

Mti wa makundi wa Amazon wenyewe ulikuwa imara, na kitabu kuweza kukaa kwenye matawi kadhaa ni kazi nzuri; ubovu ulikuwa kwenye lebo.

Na tatizo la lebo moja kujibu maswali kadhaa lilishatatuliwa zamani huko India. S. R. Ranganathan, mwalimu wa hisabati aliyekabidhiwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Madras mwaka 1924, alichapisha mfumo wake wa kupanga vitabu, uitwao Colon, mwaka 1933. Alikataa kukibana kitabu katika tawi moja. Alikipa nyuso, na kila uso ukasomwa peke yake: jambo linalozungumzwa, tendo, mahali, wakati. Vichujio mnavyobofya leo, rangi upande huu na bei upande ule, vimejengwa juu ya wazo lake. Angeulizwa, umri wa msomaji ungekuwa uso mmoja na mada uso mwingine, na hakuna ambao ungemeza mwenzake.

Nimeshalalamika sana kuhusu Dewey na sitaacha: mfumo wake wa 1876 wa kupanga vitabu vya maktaba kwa namba uliurundika Uislamu wote kwenye 297, huku Ukristo ukitandazwa kuanzia 220 hadi 289. Lakini hata Dewey hakumpa mkutubi namba inayokiondoa kitabu rafuni.

Yahoo nao walijua kutenganisha mahali kitu kilipo na mahali kinapoonekana. Srinija Srinivasan alipoanza kuisimamia saraka yao ya tovuti mwaka 1995, tawi lililo na makao yake kwingine liliwekewa alama ya @. Uliiona Fasihi chini ya Burudani, ukabofya, ukapelekwa kwenye Sanaa. Msomaji aliambiwa wazi kitu kiko wapi na kwa nini kinaonekana hapa. Baadaye wakaanza kuzitoza tovuti za biashara dola 299 kwa mwaka ili ziorodheshwe, jambo ambalo sijawasamehe, na saraka ikafungwa mwaka 2014. Kazi ya Srinivasan ilikuwa safi hata hivyo.

Tukirudi kwa Amazon, walisahihisha lebo ndani ya siku chache. Julai ya mwaka uleule wakafuta nakala za riwaya za 1984 na Animal Farm ndani ya vifaa vya kusomea vya Kindle vya watu waliokwisha kuzilipia. Mara ya pili ndani ya miezi minne, na mara zote mbili kitabu kilimponyoka msomaji kwa amri iliyotolewa mbali naye.

Ninyi mnaojenga katalogi za huduma Nairobi, Kampala na Dar es Salaam, fungueni hifadhidata zenu leo. Kama safu ya kundi ndiyo inayoamua pia nini kionekane, itenganisheni. Ya kuficha iwe na safu yake na jina lake, na kila anayeigusa aandikwe.