Neno Lisilofika: Mhamiaji, Mlowezi na Mkimbizi katika Masimulizi ya Safari

Mwaka 1843 watu wapatao 1,000 waliondoka Independence, Missouri, kwa magari yaliyokokotwa na maksai, wakaifuata njia ya Oregon, mwendo wa zaidi ya kilomita 3,200, hadi bonde la Willamette. Hao, na maelfu waliowafuata hadi reli ya kuvuka bara ilipokamilika mwaka 1869, wameingia katika historia ya Marekani kwa heshima ya watangulizi. Makala haya hayakusudii kuisimulia upya historia hiyo. Yanahoji jambo dogo zaidi: mtu aliyehama Kiswahili kinampa jina gani, na jina hilo linamshikilia kwa muda gani? Swali hili limetokana na kuyasoma masimulizi ya safari pamoja na wasemaji wa Kiswahili wa makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, na pamoja na wanafunzi wa Mbarara, ambao kwa wengi wao Kiswahili ni lugha ya darasani.

Tuanze na maneno yenyewe. Kitenzi hama kinatazama nyuma, mahali palipoachwa. Hamia kinatazama mbele, mahali panapofikiwa. Ndiyo maana mhamaji hatuna hakika anakwenda wapi, ilhali mhamiaji amekwisha kupata upande wa kuelekea. Lowea kinakwenda mbali zaidi: ni kuhamia na kukaa moja kwa moja, na mlowezi ni mtu ambaye safari yake imekwisha. Sasa, mkimbizi amefinyangwa kwa kanuni ileile iliyomzaa mlowezi (lowea: mlowezi, kimbia: mkimbizi, tembea: mtembezi), lakini kitenzi chake hakina kikomo. Kiswahili kinacho kimbilia, na kutokana nacho kimbilio. Hata hivyo mtu mwenyewe hatukumwita kwa mahali alipokimbilia. Tumemwita kwa mbio zake. Kinyarwanda nacho kimefanya vivyo hivyo: impunzi imetoka katika guhunga, kukimbia, na ubuhungiro ukaachiwa mahali. Mtu aliyelima shamba moja kwa miaka thelathini bado, kisarufi, yuko mbioni.

Masimulizi ya Marekani yana tofauti kama hiyo, ingawa hayaikiri. Frederick Jackson Turner, katika mhadhara wake wa Chicago wa mwaka 1893, alidai kwamba kuwapo kwa ardhi huru upande wa magharibi ndiko kulikoijenga tabia ya taifa lake. Neno "huru" ndilo lililobeba hoja nzima, nalo halisimami. Sheria ya mwaka 1830 ilikuwa imekwisha kuruhusu mataifa ya wenyeji yaondolewe mashariki ya mto Mississippi. Mwaka 1838 na 1839 Wacherokee walisukumwa kwenda magharibi, na yapata 4,000 kati yao wakafa. Nao pia walikwenda magharibi, tena kwa miguu, na hakuna aliyewaita watangulizi. Hawakuhamia, walihamishwa. Kwa maoni yangu, fasihi bora ya safari zile haimo katika nadharia ya Turner, imo katika shajara za wanawake, ambazo Lillian Schlissel alizikusanya na kuzichambua katika kitabu cha mwaka 1982. Baadhi yao walihesabu makaburi waliyoyapita njiani. Mwandishi wa shajara hajui kama atafika, na kutojua huko kunamzuia kujipa cheo.

Fasihi ya Kiswahili ina safari zake za magharibi, za miongo ileile. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora, Ujiji, kisha ng'ambo ya Tanganyika hadi Manyema, misafara ilikwenda kwa miguu kwa sababu mbung'o hawakuruhusu ng'ombe wa kukokota. Mzigo wa yapata kilo 30 ulikaa kichwani au begani mwa mpagazi. Ndani ya mizigo hiyo kulikuwa na merikani, kitambaa cha pamba kilicholetwa Zanzibar na merikebu za Massachusetts, ambacho hadi leo kinabeba jina la nchi kilikotoka. Safari hizo zimetuachia maandishi: Safari za Wasuaheli, zilizochapishwa na Carl Velten mwaka 1901, na Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip.

Maisha hayo yanastahili kusomwa polepole kuliko yanavyosomwa. Wahakiki wengi huyachukua kama hati ya historia, wakatafuta humo bei za pembe na majina ya vita. Lakini tazama jinsi msimulizi anavyoingia katika nchi ya Kasongo Rushie. Hadai kwamba nchi ni tupu. Anadai undugu: kwamba bibi yake alikuwa wa ukoo wa mtawala, akatekwa zamani, na yeye ni mjukuu aliyerudi. Kwa hadithi hiyo anapata utawala. Turner anahitaji wenyeji wasiwepo; Tippu Tip anahitaji wawepo na wamkubali. Hila zote mbili ni za maneno, na zote mbili ziliishia kwa watu kunyang'anywa. Ila ya pili inatuonyesha kwamba katika masimulizi yetu haki ya kukaa hutafutwa kwa nasaba. Wapagazi, ambao bila wao hakuna safari, hawapati nasaba wala sauti. Huo ndio upungufu mkubwa wa kitabu kile.

Kiswahili kilichobebwa na misafara hiyo kililowea Manyema na Kivu. Sasa kimerudi mashariki, kwa miguu tena, na watu wanaoikimbia vita ya Kongo. Katika Nakivale ndicho kinachowakutanisha Wakongo na Warundi, na wakati mwingine Wasomali. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, yakawapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko ya 1959. Huko kuna vijiji vinavyoitwa New Congo na Kigali, kama vile walowezi wa Oregon walivyouita mji wao Portland kwa jina la mji wa Maine.

Ulinganisho unakoma hapo, na unapokoma ndipo penye uzito. Sheria ya Marekani ya mwaka 1862 ilimpa aliyeishi na kulima ekari 160 kwa miaka mitano hati ya kuzimiliki. Mkimbizi wa Nakivale hupewa kipande cha kutumia, jambo ambalo nchi nyingi hazimpi, lakini miaka haimpi hati. Na Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, ibara ya 12, inapotaja haki ya aliyezaliwa nchini kuandikishwa kuwa raia, inawatenga wale ambao mzazi au hata babu au bibi yao alikuwa mkimbizi. Neno lililomwelezea mtu mmoja siku ya mbio zake linamfikia mjukuu ambaye hajawahi kukimbia. Hapa nasaba inafanya kazi kinyume cha ile ya Tippu Tip: inafunga mlango.

Wapo watakaosema tuliache neno hili, tuwaite waanzilishi au walowezi. Sikubaliani nao. Mlowezi, kwa msomaji wa Kenya hasa, ni mzungu wa nyanda za juu aliyetwaa mashamba. Mwanzilishi naye anarudisha hila ya Turner: wafugaji na wakulima wa Isingiro, ambao wamekuwa na migogoro ya ardhi na makazi hayo, wanafutwa kwa neno moja la heshima.

Lugha inalo neno jingine, nalo halihitaji kubuniwa. Mwenyeji ni mwenye mji, lakini wasemaji husema pia "nimekuwa mwenyeji hapa" na "bado sijawa mwenyeji". Kitenzi kuwa katika kauli hizo kinaonyesha hali inayopatikana kwa kuijua njia ya kisimani na majina ya majirani. Kamusi zetu huanza na maana ya mzaliwa na kuipitia hii ya pili haraka, au kuiacha kabisa. Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha mwaka 2022 Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, na vitabu vitakavyotumika Mbarara vitasomwa pia katika shule za Nakivale. Katika orodha ya msamiati wa vitabu hivyo, mwenyeji aandikwe na maana zote mbili, na mfano wa sentensi ya maana ya pili uwe wa mtu aliyekuja kutoka mbali.