Alichokiacha Vagabond

Elden Ring, gemu ya studio ya Kijapani FromSoftware iliyotoka Februari 2022, humfungulia mgeni mlango kwa kumpa wahusika kumi achague mmoja. Wengi huchagua kwa macho: vazi lipi linapendeza, upanga upi unatisha. Mimi humwambia kila anayeanza asome kwanza namba zilizo pembeni ya mhusika. Humo ndimo utakuta kwa nini Vagabond, askari wa deraya na ngao, anamfaa mgeni kuliko wenzake.

Kila mhusika ana sifa nane: Uhai, Fikra, Stamina, Nguvu, Wepesi, Akili, Imani na Siri. Akipanda leveli moja anapata pointi moja, basi. Mtazame Wretch, anayeanza leveli ya 1 akiwa hana vazi, ana rungu tu. Sifa zake zote ni 10, jumla 80. Vagabond anaanza leveli ya 9, na sifa zake zinafikia 88. Leveli nane zaidi, pointi nane zaidi. Kwa hesabu hiyo hakuna aliyependelewa.

Tofauti iko kwenye mgawanyo. Vagabond ana Uhai 15, Nguvu 14, Wepesi 13, Stamina 11 na Fikra 10. Upande wa pili ana Akili 9, Imani 9 na Siri 7. Hizo tatu ni za wachawi, wasali na wawinda bahati, na mpiga upanga hazihitaji. Wretch akitaka kumfikia kwenye uhai, nguvu, wepesi na stamina, lazima apande leveli 13, afike ya 14, ilhali mwenzake bado yuko ya 9. Leveli tano hizo ni pointi tano ambazo Vagabond alizitoa pasipo na kazi akaziweka penye kazi. Wala hasara ya Wretch haifutiki: hata Rennala, ambaye ukishamshinda anaweza kukugawia pointi upya, hashushi sifa yoyote chini ya ulipoanzia. Mtaka yote hukosa yote.

Faida hiyo inaonekana mara moja mkononi. Mkuki wake wenye shoka unadai Nguvu 14 na Wepesi 12, naye anazo. Baadaye, katika ngome ya Castle Morne, anaweza kuokota upanga wa Claymore unaodai Nguvu 16 na Wepesi 13. Wepesi anao. Nguvu zimepungua mbili, lakini gemu huzidisha Nguvu mara moja na nusu unaposhika silaha kwa mikono miwili: 14 inahesabiwa 21, na Claymore inakubali bila pointi hata moja kutumika.

Basi pointi mpya ziende wapi? Wageni wengi huzimimina kwenye Nguvu ili wapige kwa kishindo. Tuzikokotoe kwanza zikiingia kwenye Uhai. Uhai 15 hukupa afya 522, Uhai 25 hukupa 800, Uhai 40 hukupa 1,450, Uhai 60 hukupa 1,900, na Uhai 99 hukupa 2,100. Kutoka 15 hadi 25 kila pointi inaleta kama afya 28. Kutoka 25 hadi 40 inaleta kama 43. Baada ya 40 inashuka hadi 22, na baada ya 60 inabaki kama 5. Donge nono liko kati ya 25 na 40, kwa hiyo kimbilia huko kwanza.

Na makali ya silaha? Hayo yatafutwe kwa fundi. Upanga mrefu wa Vagabond una shambulio la msingi 110, na ukinolewa hadi +25 unafika 269 hata kama sifa zako hazijasogea. Mawe ya kunolea huokotwa, kwa mfano katika migodi ya eneo la Limgrave, na meza ya kunolea iliyo katika Kanisa la Elleh inakufikisha +3 mapema kabisa. Pointi ununue uhai, mawe yanunue makali.

Stamina, inayoongeza uwezo wa kubeba, iongezwe kwa kipimo cha mzigo. Mzigo ukifika asilimia 70 ya uwezo huo, kubingiria kunakuwa kuzito, na pigo ulilodhani umelikwepa linakukuta.

Wapo wanaomsifu Astrologer, na wana hoja: anapiga kwa mbali na mapema anaua haraka. Lakini anaanza na Uhai 9, yaani afya 396 dhidi ya 522. Kwa mzoefu wa gemu hii tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mgeni anayesimama mbele ya Margit, bosi anayeinua fimbo, akaisitisha hewani, kisha akaishusha pale ulipokwisha kubingiria, inaweza kuwa ndiyo tofauti ya kufa kwa pigo hilo na kubaki hai ukaona linalofuata. Mgeni hujifunza kwa kuona mapigo, na afya ndiyo inayomwachia nafasi ya kuyaona.