Msimulizi na Msimuliwa: Filamu Mbili za Hali Halisi

Wahenga walisema, "Mwenye macho haambiwi tazama." Lakini filamu za hali halisi, yaani zile zipigwazo kwa watu na mambo yaliyopo wala si kwa hadithi ya kubuni, huwaambia wenye macho watazame, na tena huwafundisha namna ya kutazama. Picha yaonyesha, na sauti ya msimulizi yaeleza. Kwa kuwa sauti hiyo ni lugha, yatupasa sisi tushughulikao na lugha tuipime kama tupimavyo maandishi. Nimechagua filamu mbili zilizo mbalimbali, moja ya wanyama na moja ya michezo, kwa sababu zote mbili zaleta swali moja: ni nani asemaye, na ni nani asemwaye?

Ya kwanza ni "Serengeti darf nicht sterben", maana yake Serengeti Isife, iliyotolewa mwaka 1959. Waliitengeneza Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael. Wakati huo serikali ya Waingereza katika Tanganyika ilikuwa na shauri la kubadili mipaka ya hifadhi ya Serengeti. Baba na mwana waliruka kwa ndege ndogo iliyopakwa rangi kama punda milia, wakahesabu wanyama na kufuata nyendo zao, wapate kujua kama mipaka hiyo mipya ingewafaa. Walipata jumla ya wanyama wakubwa zaidi ya 366,000. Kazi hiyo ilimgharimu Michael uhai wake: tarehe 10 Januari 1959 ndege yake iligongana na tumbusi ikaanguka. Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Mwaka 1960 filamu ikatunukiwa Oscar.

Haifai kuidharau kazi hii. Kabla yake filamu nyingi za wanyama wa Afrika zilikuwa za uwindaji, na simba alionyeshwa ili auawe. Hapa mnyama ahesabiwa ili aishi, na hesabu, jambo kavu kwa kawaida, imegeuzwa kuwa kitu cha kupendeza macho. Walakini kasoro yake ni kubwa, nayo imo katika jina lenyewe. Neno Serengeti husemwa kuwa limetokana na lugha ya Wamasai, kwa maana ya uwanda mpana usiokoma. Neno lao limewekwa mbele ya filamu, lakini wao wenyewe hawakupewa nafasi ya kunena ndani yake. Wao na ng'ombe wao huelezwa na msimulizi. Katika kitabu chenye jina hilo hilo Grzimek alishikilia kwamba hifadhi haipasi kukaliwa na watu, hata wenyeji. Kwa sheria za mwaka huo huo wa 1959, Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, na Wamasai wakatakiwa kuiacha Serengeti. Sisemi kwamba filamu ndiyo iliyowahamisha, kwa maana mashauri yalikuwa yameanza kabla yake. Nasema kwamba mtazamaji wa Ulaya aliondoka akidhani ameisikia kesi yote, kumbe amesikia upande mmoja.

Filamu ya pili ni "Tokyo Olympiad" ya Kon Ichikawa, iliyotolewa mwaka 1965, juu ya michezo ya Olimpiki ya mwaka 1964. Waliomwagiza walitaka kumbukumbu ya ushindi, na walipoiona hawakuridhika, kwa sababu aliwatazama wanadamu kuliko matokeo. Katika mbio za mita 800 Wilson Kiprugut alipata nishani ya shaba, nishani ya kwanza ya Olimpiki kwa Kenya. Lakini mkimbiaji wa mbio hizo ambaye Ichikawa alimfuata kwa makini ni Ahamed Isa wa Chad, asiyepata nishani yoyote. Twamwona akila peke yake katika kijiji cha wanamichezo. Na Abebe Bikila wa Uhabeshi, aliyeshinda marathoni kwa mara ya pili mfululizo, uso wake waonyeshwa kwa karibu na kwa polepole, hata mtazamaji akasahau kuuliza amekimbia kwa saa ngapi.

Ni kweli kwamba Isa naye hasemi kwa kinywa chake, bali husemewa. Katika hili Ichikawa hana haki ya kujitapa mbele ya Grzimek. Tofauti ni kwamba msimulizi wake ajua kunyamaza. Anyamazapo, mtu aliye katika picha hupata heshima yake, na mtazamaji huachiwa kazi ya kufikiri. Msimulizi wa Serengeti hakuwa na subira hiyo, kwa kuwa alikuwa wakili, na wakili huogopa kimya.

Jambo hili latuhusu hasa tutafsiripo masimulizi ya filamu kwa Kiswahili. Uwanda ule ule waweza kuitwa pori, au nyika, au mbuga, au malisho. Aliyekuja kwa ndege huona pori. Aliyezaliwa hapo na ng'ombe wake huona malisho. Mfasiri aandikapo "pori" bila kufikiri, amekwisha kukata hukumu juu ya ardhi hiyo, na mwenye malisho hakuulizwa. Makosa ya mpiga picha hayawezi kusahihishwa tena, lakini neno li mikononi mwetu. Basi kabla ya kuliandika, tuulize kwanza wenyeji wa mahali pale hupaitaje.